MANOWARI YA BOMBA TATU NA WALIOIBEBA

(Mazungumzo yaliyotolewa Ndanda mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkusanyiko wa mwaka.)



Barua ya mwaliko ilisema nichague jambo lolote la historia, ila nisizidishe nusu saa, maana chakula kitakuwa kinangoja. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nimezoea kutii maagizo, hasa yale yanayohusu chakula.

Nimechagua kuzungumza juu ya meli. Najua wapo watakaoshangaa. Hapa tulipo, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, hakuna bahari. Anayetaka kuiona hana budi kupanda basi la Lindi au la Mtwara. Lakini meli ninayotaka kuieleza ilianza safari yake Ulaya kaskazini, na vita vyake vikaja kumalizikia huku kwetu, kwenye njia hizi hizi mnazopita mkienda likizo. Naomba mnivumilie, nitawafikisha.

Meli hiyo iliitwa Königsberg. Ilikuwa manowari ya Kijerumani ya aina ya kruza nyepesi, yaani manowari ya mwendo wa kasi, iliyojengwa kwa kusaka meli za biashara za adui na kukimbia manowari kubwa kuliko yenyewe. Iliundwa Kiel, ikashushwa majini Desemba 1905, ikaanza kazi Aprili 1907. Urefu wake ulikuwa mita 115, ambao ni zaidi ya uwanja wa mpira. Iliweza kwenda maili 24 za baharini kwa saa. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10 na nusu, na mabaharia zaidi ya 300. Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya raha: mara kadhaa ilipewa kazi ya kuisindikiza meli ya Mfalme wa Ujerumani katika matembezi yake.

Mwezi Aprili 1914 iliondoka Kiel chini ya Nahodha Max Looff, ikapita Mfereji wa Suez, na mwanzoni mwa Juni ikatia nanga Dar es Salaam. Watu wa pwani walikwenda kuitazama. Walihesabu mabomba yake ya moshi, na papo hapo wakaipa jina: Manowari ya Bomba Tatu. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya kujua Königsberg ni mji gani. Alitaja alichokiona.

Ilipofika tarehe 31 Julai, vita vikiwa vinanukia Ulaya, Looff aliondoa meli yake bandarini ili isije ikafungiwa humo na Waingereza. Manowari tatu za Kiingereza zilikuwa zinaivizia, lakini mwendo wake uliziacha. Tarehe 6 Agosti, siku mbili tu baada ya Uingereza kuingia vitani, iliikamata karibu na pwani ya Omani meli ya biashara iliyoitwa City of Winchester, iliyokuwa imepakia chai kutoka Bara Hindi. Hiyo ndiyo meli ya kwanza ya biashara ambayo Waingereza waliipoteza katika vita ile.

Hapo shida ikaanza. Manowari ya zamani hizo ilikula makaa ya mawe kama tanuri, na bandari zote za karibu zilikuwa mikononi mwa Waingereza au zinalindwa nao. Manowari isiyo na makaa ni chuma kinachoelea. Kwa hiyo tarehe 3 Septemba Looff aliiingiza meli katika delta ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wameipima mito ile muda mfupi kabla ya vita, nao Waingereza hawakuwa na habari kwamba meli kubwa kiasi hicho yaweza kupita. Mikoko ikaificha.

Ikiwa humo ilipata habari kwamba manowari ya Kiingereza imetia nanga Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ilitokea mbele ya mji wa Unguja na kuikuta Pegasus, manowari iliyokuwa na umri mkubwa, ikitengenezwa mitambo yake. Königsberg ilipiga ikiwa mbali, mahali ambapo makombora ya Pegasus yalikuwa yanaanguka majini kabla ya kuifikia. Watu 38 wa Pegasus walikufa, wengine 55 walijeruhiwa, na meli yenyewe ikazama siku ile ile. Wengi wa waliokufa walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mkabala na mji, na makaburi yao yapo.

Baada ya ushindi ule injini ya Königsberg ikavunjika kipande kimoja kikubwa. Ikarudi Rufiji. Kipande kile kilisafirishwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, kikatengenezwa, kikarudishwa. Kumbukeni jambo hili, ndugu zangu, kwa sababu nitalirudia: kilisafirishwa kwa nchi kavu. Vitabu vingi husema hivyo, kisha huendelea na meli.

Mwisho wa Oktoba Waingereza waligundua maficho yake. Hawakuweza kuifuata, maana manowari zao zilizama chini sana kwa mito ile. Walizamisha meli kuukuu kwenye mlango mmoja wa delta ili kuufunga, wakaleta ndege za kuitafuta kutoka juu, na Januari 1915 wakakiteka kisiwa cha Mafia wapate mahali pa kukaa. Nayo Königsberg ilizidi kujivuta ndani ya mto. Mabaharia wake waliugua malaria, chakula kikapungua, na meli ya msaada iliyotumwa kutoka Ujerumani ikashambuliwa karibu na Tanga mwezi Aprili.

Mwishowe Waingereza walileta meli mbili, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili, kwa hiyo zilikuwa bapa, zinapita kwenye maji yasiyofika mita mbili. Zilivutwa kwa kamba kutoka Malta mpaka Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni na kupambana na Königsberg kutwa, lakini zilirudi bila kuimaliza. Watu sita wa Mersey waliuawa. Tarehe 11 Julai zikarudi. Ndege ilikuwa juu ikiwaelekeza wapiga mizinga, na hata ilipopigwa na kuanza kuanguka, mtu aliyekuwa ndani aliendelea kuwaambia wenzake wapige mbele au nyuma. Königsberg ilipigwa sana, Looff mwenyewe akajeruhiwa, na mwisho akaamuru meli ilipuliwe kwa mikono ya watu wake. Ikakaa kwenye tope la Rufiji.

Vitabu vingi vya manowari hufungwa hapo. Kwetu sisi ndipo kitabu kinapofunguliwa.

Meli ilikufa, mizinga yake haikufa. Wajerumani waliitoa yote 10 kutoka kwenye mabaki, wakaipeleka Dar es Salaam, na karakana zikaiundia magurudumu. Tangu siku hiyo mizinga ya baharini ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ndiyo baadaye ikaitwa Liemba. Mingine ilipiga Kahe mwezi Machi 1916, na Kondoa Irangi mwezi Mei. Mabaharia nao walivua sare za bahari wakawa askari wa porini. Looff mwenyewe mwaka 1917 alikuwa akiongoza vikosi upande wa Lindi. Mtu aliyekuja huku akiongoza manowari sasa alikuwa akilinda barabara ya kuja Masasi.

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo. Mtutu mmoja wa mzinga ule, bila magurudumu na bila makombora, ulizidi tani moja. Dar es Salaam ilipochukuliwa na Waingereza Septemba 1916 pamoja na reli ya kati, Wajerumani walisukumwa kusini, na huku kusini hakukuwa na reli kuu. Ng'ombe wa kuvuta magari walikufa kwa ndorobo. Magari ya moto ya Waingereza yalizama kwenye matope ya masika. Wanafunzi wa hesabu wanieleze: tani inatembeaje bila reli, bila ng'ombe na bila gari?

Jibu mnalijua. Inatembea kwa mabega ya watu.

Oktoba 1917 pande mbili zilikutana Mahiwa, kwenye njia ya Lindi kuja huku. Walipigana siku nne, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, na Waingereza peke yao walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Wajerumani walishinda siku zile, lakini risasi zao zilikuwa zimekwisha. Walirudi nyuma. Hapa Ndanda, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1906, walikuwa na hospitali ya majeruhi. Waingereza waliichukua tarehe 10 Novemba. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, akapanda juu ya uwanda mpaka Nambindinga. Wenzangu wa Newala mnajua jambo lililomkabili huko juu: maji. Uwanda ule hunyonya mvua yote, na mama zetu walikuwa wakishuka mabondeni kuteka, mtungi kichwani, kwa mwendo wa saa nyingi. Jeshi la maelfu lingekunywa nini? Aliwaacha wagonjwa na majeruhi, na Wazungu na askari wengine wengi, akabaki na Wazungu wapatao 300, askari kiasi cha 1,700 na wapagazi 3,000. Looff alikuwa miongoni mwa walioachwa, akawa mateka mwezi ule ule.

Wakati huo huo Ujerumani ilikuwa imetuma msaada wa ajabu. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha angani cha jeshi la majini, L 59, kilichojazwa hewa nyepesi kama puto na chenye urefu wa karibu mara mbili ya Königsberg, kiliondoka Jamboli huko Bulgaria. Kilikuwa na tani 15 za risasi, dawa na vifaa. Kilikuwa kinakuja hapa, ndugu zangu, kutua juu ya uwanda wa Makonde! Kilipokuwa kimepita karibu na Khartoum kilipokea kwa simu ya upepo amri ya kurudi, kwa kuwa uwanda ulikuwa unaingia mikononi mwa Waingereza. Kilirudi Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 hewani na kilometa zaidi ya 6,700. Siku ile ile, tarehe 25, Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma pale Ngomano kuingia Msumbiji. Alivuka bila hata mzinga mmoja wa Königsberg. Huku kwetu ndiko safari ya manowari ile ilikokwisha.

Mabaki ya meli yaliendelea kuchongwa kwa ajili ya shaba miaka mingi, na mwaka 1966 yakadidimia kwenye mchanga wa Rufiji. Mizinga mitatu imehifadhiwa: mmoja Pretoria, mmoja Mombasa, mmoja Jinja.

Ndugu Mwenyekiti, hayo yote niliyoyasema niliyajua nikiwa kidato cha tatu katika shule hii. Nilipenda meli mno. Nilikuwa na daftari langu nililoandika urefu, kasi, mizinga, majina ya manahodha na tarehe, kwa wino wa rangi mbili. Likizo moja nilikwenda Newala kwa babu yangu mzaa mama, nikalibeba daftari lile. Babu alikuwa mzee wa miaka 80, ameketi chini ya mkorosho anasuka mkeka. Nikamsomea daftari zima, ili ajue kwamba karo haipotei bure.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, umesoma vizuri. Huo mzinga mmoja ulikuwa na uzito gani?"

Nikasema, "Zaidi ya tani moja, Babu."

"Magunia mangapi ya korosho?"

Nikapiga hesabu. Nikamwambia, zaidi ya 12.

"Nani aliubeba?"

Nikafungua daftari. Nikafungua tena. Halikusema.

Basi akanieleza. Alikuwa bado mtoto wa mgongoni wakati wa vita ile. Baba yake alichukuliwa siku moja asubuhi pamoja na wanaume wengine wa kijiji, akafungwa kamba, akapewa mzigo. Chakula cha ghalani nacho kilichukuliwa. Mjomba wake alijificha vichakani siku nyingi, akapona. Mama yake alikuwa akishuka kuteka maji usiku, kwa kuogopa kukutana na jeshi njiani. Baba hakurudi.

Nikamwuliza, kama mwanafunzi mzuri wa historia, "Alichukuliwa na nani, Babu? Wajerumani au Waingereza?"

Babu akacheka, kicheko cha utani anachomcheka babu mjukuu wake. Akasema, "Mama yangu alisema waliokuja walikuwa weusi kama sisi, wana bunduki na kofia. Walisema, Twende. Hawakusema ni vita vya nani."

Mimi, ndugu zangu, nilikuwa na kalamu mkononi wakati ule. Daftari lilikuwa limefunguliwa mapajani. Sikuandika hata neno moja. Niliona hayo ni mazungumzo ya babu, na historia ni ile iliyomo kitabuni.

Babu alifariki nilipokuwa chuo kikuu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba hata jina la baba yake silijui. Babu alilelewa na mjomba, kama ilivyo desturi yetu, na alipoandikishwa alitumia jina la mjomba huyo. Nimewauliza wazee wote waliobaki katika ukoo. Hakuna anayelijua. Jina la Nahodha Looff nalijua, jina la meli ya chai nalijua. Jina la mtu ambaye damu yake imo mwilini mwangu silijui, na aliyeweza kuniambia alikuwa ameketi mbele yangu anasuka mkeka.

Kazi yangu ya kila siku ni mafaili. Miaka hii yote nimejifunza kwamba faili huandikwa na yule mwenye haja nalo. Jeshi lilikuwa na haja ya kujua makombora mangapi yamebaki, kwa hiyo makombora yaliandikwa. Looff aliandika kitabu, na Lettow-Vorbeck aliandika chake. Wapagazi walihesabiwa kwa jumla tu, kama magunia. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa 95,000 hivi, wengi kwa njaa, kuhara na uchovu. Wa upande wa Wajerumani hawana hata hesabu ya kuaminika. Kumbukumbu yao ipo: soko na mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, vimepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 iliwekwa kuwakumbuka askari pamoja na wapagazi. Lakini sanamu hiyo haina jina la mtu hata mmoja.

Sisemi haya ili tuwachukie waliokuwamo ndani ya manowari. Wale vijana wa Kiel na wale wa Pegasus nao walitumwa, na walikufa mbali na mama zao. Wala sisemi wanafunzi waache kujifunza urefu wa meli. Jifunzeni, na mwandike kwa wino wa rangi mbili kama nilivyofanya. Ninachosema ni kwamba historia ya manowari hii ina nusu mbili. Nusu ya majini imeandikwa na wenye meli, nao wameiandika vizuri. Nusu ya nchi kavu, kutoka Rufiji mpaka ukingo wa Makonde, wanaopaswa kuiandika ni wajukuu wa waliobeba.

Kwa hiyo nina ombi, na nimekwisha kulizungumza na baadhi ya wenzangu tuliomaliza pamoja. Likizo ijayo, kila mwanafunzi anayetoka Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Lindi, au popote kwenye njia ya vita ile, achukue daftari moja. Amwulize mzee wa ukoo wake mambo manne: nani alichukuliwa, kijiji gani, alirudi au hakurudi, na jina lake. Walioona kwa macho wameisha, lakini wapo walioambiwa na walioona, na hao nao wanaondoka kila mwaka. Msiandike kwa ufundi mwingi. Andikeni alivyosema. Akisema hajui, andikeni kwamba hajui.

Sisi wa zamani tutagharimia madaftari na kuyajalidi, yawekwe katika maktaba ya shule, mahali ambapo mwanafunzi yeyote atayafikia kwa mkono.

Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika mwenyewe, nao nimekuja nao leo. Umeandikwa: Mtu wa Newala. Alichukuliwa mwaka 1917, asubuhi. Hakurudi. Alimwacha mke na mtoto wa mgongoni. Mahali pa jina nimepaacha wazi. Naomba pasijazwe kwa kubuni. Paachwe hivyo hivyo, ili kijana atakayelifungua daftari lile akumbuke kuuliza mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Naona Mwenyekiti anatazama saa, nami nasikia sufuria zinagongana.